Calif: Jina la Mtaa kwenye Lebo

Kabla uanze kuwaza kuhusu Marekani: California inayozungumziwa hapa ni mtaa wa Nairobi, Eastlands, ukivuka tu uko Eastleigh. Hapo ndipo prodyuza Clemo na rafiki yake Jua Cali walianzisha Calif Records mwaka 2000. Hata jina la Jua Cali lina mtaa ndani yake.

Wakati huo redio za FM zilikuwa changa. Capital ilikuwa imeingia hewani 1996, zingine zikafuata, lakini muziki mwingi uliochezwa ulikuwa wa nje. Ogopa Deejays walifungua njia kwa kapuka, ngoma safi za kuchezeka popote. Calif wao wakaleta genge, neno la kawaida tu, maana yake kundi la watu. Nani alilitamka kwanza? Hiyo kesi bado watu wanaibishania, na sitaiamua leo.

Kwangu mimi, midundo haikuwa ndiyo habari kubwa. Lugha ndiyo ilikuwa habari. Jua Cali hakutafuta Kiingereza cha kuigiza wala Kiswahili cha kupita mtihani. Kwenye "Ruka" anaongea sheng kama mtu mliyeketi naye kwa ukuta jioni, bila haraka, bila kujieleza kwa mgeni. Nonini akaja na "Manzi wa Nairobi", na mistari yake mingine ikawafanya wazazi wazime redio. Lakini sheng, ambayo shuleni ilikuwa inakuletea kiboko, sasa ilikuwa inalipa mtu kodi ya nyumba.

Albamu ya Jua Cali ya 2006 iliitwa Juacali Sekta. Utani huo una ukweli: lebo ilifanya kazi kama fundi wa jua kali, vifaa vichache, mtaji mdogo, bidhaa inayotembea matatu hadi matatu.

Halafu 2018 Ethic wakatoa "Lamba Lolo" na wimbi likapewa jina gengetone. Jina la genge walilirithi, sheng pia, ila nyumba hawakuirithi. YouTube iliwapa watazamaji bila kupitia kwa prodyuza yeyote mwenye lebo, na hilo ni jambo zuri. Lakini Clemo alimsikiza msanii mmoja miaka na miaka, ngoma baada ya ngoma, hadi sauti ikakomaa. YouTube haikai studio na wewe saa nane usiku ikikwambia rudia hiyo verse.