Wageni, Chokaa na Muhuri wa Paris

Septemba 1961, Tanganyika ikiwa imebakiza miezi mitatu kupata uhuru, wataalamu wa uhifadhi walikusanyika Arusha na hofu moja: Waafrika wakishika serikali, wanyama watasalimika? Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulikuwa miongoni mwa walioitisha mkutano ule. Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliwatoa hofu kwa tamko fupi la kuahidi kuwalinda wanyamapori, na humohumo akaomba wataalamu na fedha kutoka nje. Inasimuliwa kwamba pembeni hakuficha kilichomsukuma. Yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kumaliza likizo akitazama mamba, ila aliona wanyama wangeiletea nchi fedha za kigeni zitakazozidiwa na za almasi na mkonge tu. Mapatano yetu na mashirika ya kimataifa yamebaki na sura hiyo tangu siku zile: wao wanataka kitu kihifadhiwe, sisi tunataka kitulipe.

Miaka ile wachache walijali mgeni ataacha nini nyuma yake. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1967 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Utalii, ukiuita utalii pasipoti ya amani, na Benki ya Dunia ikawa inazikopesha nchi changa fedha za miradi ya kuwapokea watalii. Waliouliza maswali magumu mapema walikuwa vijana wa TANU, chama tawala, pale Chuo Kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, walioanzisha mjadala mkali magazetini mwaka 1970: nchi inayojenga ujamaa inajengaje mahoteli ya matajiri wa kigeni? Msomi Issa Shivji aliukusanya mjadala huo katika kitabu kilichotoka 1973. Azimio la Lanzarote la 1995 kuhusu utalii endelevu, na kanuni za maadili ya utalii zilizopitishwa Santiago, Chile, mwaka 1999, zinadai faida iwafikie wenyeji na utamaduni wao uheshimiwe. Vijana wa Mlimani waliyatangulia yote mawili kwa miaka ishirini na ushei, na sijaona popote walipotajwa.

Chombo chenye meno kidogo kilitoka kwingine. Mkataba wa Urithi wa Dunia ulipitishwa na UNESCO mjini Paris, yaliko makao yake, Novemba 1972, na Tanzania ikauridhia 1977. Ngorongoro iliingia katika orodha ya urithi huo 1979. Serengeti na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakafuata 1981. Mkataba haukuandikwa kwa ajili ya watalii, lakini muhuri wake uligeuka kuwa tangazo ambalo hakuna wakala wa safari angeweza kulilipia. Kamati ya mkataba haina polisi wala mahakama. Silaha yake ni orodha ya pili, ya urithi ulio hatarini, pamoja na aibu inayokwenda nayo.

Kilwa iliingizwa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2004. Mawimbi yalikuwa yakila ufuo chini ya Gereza, ile ngome iliyo karibu na maji. Mvua na mizizi ya miti vilikuwa vikifungua kuta za mji ambao Ibn Battuta, aliyefika 1331, aliukuta ukiwa katika fahari yake. Fedha za wafadhili zilikuja, lakini kilichoziokoa kuta ni kazi ya mikono. Ukuta wa Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na hauwezi kuzibwa kwa saruji: saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache jiwe linabomoka huku kiraka kikibaki kimesimama. Kwa hiyo ilibidi chokaa ichomwe kama zamani. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, moto ukawashwa, kisha chokaa ikamwagiwa maji na kuachwa iive kabla ya kuchanganywa na mchanga. (Tanuri hilo linakula kuni nyingi, jambo ambalo wahifadhi wa misitu hawalifurahii, na wana haki.) Wanakijiji walifunzwa uashi huo, kamati za magofu zikaundwa, mikoko ikapandwa kuvunja nguvu ya mawimbi. Juni 2014, Kamati ilipokutana Doha, Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu ndipo nionapo mfumo wa kimataifa ulipofanya kazi sawasawa: aibu ilitoka nje, ujuzi ukabaki kijijini. Watalii wenyewe ni wachache, kwani kufika kunataka safari ya barabara hadi Kilwa Masoko na kisha mashua. Huenda uchache huo nao umezisaidia kuta.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una tatizo la kinyume. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wapangaji wakajaa, matengenezo yakasahaulika. Wataalamu wa makazi wa Umoja wa Mataifa waliufanyia mji utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1980, mamlaka ya hifadhi ikaanzishwa 1985, na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ukasaidia kuandaa mpango wa hifadhi wa 1994. Mji ulipoingia katika orodha ya urithi mwaka 2000, bei ya karafuu ilikuwa imeshaanguka zamani na utalii umeshika nafasi yake.

Utalii uliokoa majumba kwa kuyageuza hoteli, na hapo ndipo penye utata. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari ni fupi. Mgeni wa leo anataka bafu ndani ya kila chumba. Ukiweka mabafu ghorofa ya pili na ya tatu, bomba moja likivuja ndani ya ukuta, boriti inaoza kimyakimya, na nje rangi mpya inang'aa kwenye picha za wageni. Paris haina jicho la kuona bomba hilo. Anayeliona ni mkaguzi wa mamlaka, kama yupo na kama analipwa.

Paris huona makubwa. Kamati ililalamikia hoteli iliyojengwa kwenye ufuo wa Shangani pamoja na jumba la Mambo Msiige, na suala la orodha ya hatari likazungumzwa. Hoteli ilifunguliwa 2015 na bado ipo. Kuhusu Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, maonyo yalirudiwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa.

Ngorongoro ndiko nyaraka za kimataifa zilikoacha jeraha. Hifadhi ilipoundwa 1959, Wamaasai waliahidiwa kuishi humo na mifugo yao. Wakati huo hawakufika elfu kumi, leo hesabu inakaribia laki moja. Kwa miaka mingi taarifa za wajumbe wa UNESCO na IUCN zilitaja ongezeko la watu na mifugo kuwa tishio, hata baada ya eneo hilo kutambuliwa 2010 kwa thamani ya kitamaduni pia. Mwaka 2022 serikali ilipoanza kuzihamishia kaya Msomera, wilayani Handeni, ikisema ni kwa hiari, watetezi wa Wamaasai waliinyooshea UNESCO kidole. UNESCO ikajibu kwamba Kamati haijawahi kuomba watu wahamishwe. Kwa maneno yaliyoandikwa, ni kweli. Lakini taarifa inayorudia neno "tishio" kila baada ya miaka michache haihitaji kuomba.

Kamati ya Urithi wa Dunia ina viti 21, vyote vya serikali. Wanaoishi ndani ya eneo la urithi wanaweza kuiandikia Paris, na utaratibu unasema malalamiko yao yapelekwe kwanza kwa serikali husika ili iyatolee maelezo.