Mlango na Kiingilio: Maneno ya Dansi katika Korogwe na Handeni

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza fungu dogo la maneno ambalo wafasiri, walimu na maafisa utamaduni hukutana nalo mara kwa mara, nayo ni maneno ya kumwelekeza mtu anayetaka kwenda kusikiliza bendi: afike lini, alipe nini, akae wapi, arudi kwake kwa njia gani. Maelezo ya namna hii siku hizi aghalabu hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa kana kwamba Kiswahili hakijapata kuwa na dansi. Ukweli ni kwamba maneno yapo, na yana historia. Tumechagua kuyatazama kutoka Korogwe na Handeni, wilaya mbili za Mkoa wa Tanga zinazopakana, kwa kuwa tofauti za miji hiyo miwili zinadhihirisha jambo ambalo halionekani kwa urahisi tukikaa Dar es Salaam.

Korogwe ni mji wa reli. Njia ya gari moshi iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na pembeni mwake yakatandazwa mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba hayo yalivuta watu wa kila upande: Wanyamwezi, Wamakonde, Waha na wengineo walioandikishwa kwa namba, wakaitwa manamba, jina ambalo lenyewe ni ushahidi kwamba istilahi nyingine huzaliwa kambini wala si mezani. Mji wa Handeni haukupata reli. Aliyetaka kutoka huko kwenda Korogwe alikuwa na safari ya kilometa 65 hivi ya barabara ya vumbi, na lami haikukamilika katika njia hiyo ila katika karne hii ya 21. Msomaji ataona hapa chini kwamba vumbi hilo limeingia hata katika maana ya maneno.

Tuanze na jambo la msingi. Neno ngoma katika Kiswahili hubeba dhana nne kwa pamoja: ala, mdundo, uchezaji na mkusanyiko wenyewe. Ngoma ilichezwa uwanjani, na uwanja hauna mlango. Mtazamaji aliyefurahi alitoa tuzo baada ya kuona. Asiyefurahi aliondoka na fedha yake. Dansi iliyageuza mambo haya. Ilichezwa ndani ya kuta, na anayetaka kuona hana budi kulipa kabla ya kuona. Kwa maoni yetu mlango huo ndio uliozaa karibu msamiati wote tunaouzungumzia, kuliko gitaa na tarumbeta.

Kiingilio ndilo neno lililo bora kuliko yote katika fungu hili, na linastahili kuangaliwa kwa utulivu. Halikutungwa kwa ajili ya dansi. Kabla ya hapo lilikuwa ada anayotoa mwanagenzi ili apokelewe katika ufundi, au mtu anayeingia katika chama. Lilikuwa na ndugu zake: kilemba, alichopewa fundi mwanafunzi alipohitimu, kiingia porini, ada ya mganga, kifungua mlango, ada ya harusini. Yote ni malipo yanayomhamisha mtu kutoka nje kwenda ndani, au kutoka hali moja kwenda nyingine. Walioanzisha dansi za kulipia walikuta ghala limejaa, wakachukua kilichofaa. Ndiyo maana hatuoni sababu ya kuandika "ada ya kuingilia", "gharama ya tiketi" au "bei ya mlango", kama baadhi ya matangazo yanavyofanya. Neno tiketi lina kazi yake, nayo ni ile karatasi yenyewe. Kiingilio ni fedha. Wapo wanaoandika tikiti, na kamusi zimewaruhusu, lakini mwalimu anayefundisha wingi atapata taabu: matikiti huliwa.

Ukumbi nao ulisafiri. Katika nyumba za pwani ulikuwa sehemu ya mbele ya kupokelea wageni, baina ya barabara na vyumba vya ndani. Kutoka hapo neno likapanuka hata likawa jengo zima la mikutano na michezo. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata, kumbi za serikali, za TANU na baadaye za CCM zikawa mahali pa kawaida pa dansi katika miji midogo. Mfasiri akumbuke lakini kwamba kwa wazee wengi wa Tanga kumbi ni mahali pa jando vilevile. Kusema "kumbi za starehe" mbele yao si kosa, ila tabasamu litakaloonekana lina sababu.

Sasa tuje kwenye bendi. Neno hili la Kiingereza limeingia katika Kiswahili mara mbili, na kila mara limeleta kitu tofauti. Mara ya kwanza liliingia kama beni, mwishoni mwa karne ya 19, katika pwani ya Kenya, likiwa jina la ngoma iliyoiga gwaride na tarumbeta za kijeshi. Beni ilishuka hadi Tanga na kuenea bara, na vyama vyake mashuhuri, Marini na Arinoti, vilikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi. Beni ilikuwa chama: mtu alikuwa Marini hata siku ambayo hakuna ngoma. Mara ya pili neno lilirudi kama bendi, likimaanisha wapiga muziki tu. Wengine wote wakawa wapenzi. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz Band na Jamhuri Jazz Band, na hiyo ya pili iliwahi kuitwa Young Nyamwezi, jina linalotukumbusha wale waliokuja kwa ajili ya mkonge. Katika Jamhuri ndimo walimopitia ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kabla ya kwenda Arusha mwaka 1970, kisha Kenya, walikoanzisha Simba Wanyika. Neno jazi halikumaanisha mtindo wa Wamarekani. Lilikuwa alama tu ya kwamba hii ni bendi ya dansi. Mtindo ulikuwa na jina lake pekee, kama Saboso ya Western Jazz au Msondo wa NUTA Jazz, na tangazo lilimtajia msomaji mtindo kama anavyotajiwa leo aina ya muziki.

Tufike sasa kwenye saa na siku. Hapo ndipo tafsiri mbaya inapomtia mtu hasara. Saa 2 usiku ya Kiswahili huandikwa 8 kwa hesabu ya Kiingereza, na wafasiri wengi wanalijua hilo. Wanalolisahau ni kwamba siku ya Kiswahili cha asili huanza jua linapotua. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa", kwa mzee wa pwani na kwa mwalimu wa madrasa, ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani ule ambao karani wa ofisi anauita Alhamisi usiku. "Ijumaa usiku" ni usiku mwingine kabisa. Mkazi wa Korogwe akikosea, atavuka barabara mbili na kurudi kulala. Lakini tumfikirie mtu wa Handeni enzi za lori na vumbi: amefunga safari ya kilometa 65, amefika na nguo yake iliyopigwa pasi, amekuta mlango umefungwa na hakuna usafiri hadi kesho. Afisa aliyeandika "usiku wa" badala ya kutanguliza jina la siku hakutenda dhambi ya sarufi, lakini amemla mtu nauli. Tunapendekeza maelezo yote yaandike siku kwanza, usiku baadaye, na palipo na shaka yaongeze "kuamkia".

Vivyo hivyo kwa mwisho wa dansi. Msemo "hadi majogoo" umedhaniwa na baadhi ya wahariri kuwa mapambo ya watangazaji, wakaufuta na kuandika "hadi saa 11 alfajiri". Hatukubaliani nao. Kwa mtu wa shambani au wa Handeni, kumalizika kwa dansi saa 8 usiku ni shida, maana hana gari, hana gesti, na njia ni giza. Dansi ya majogoo humtoa ukumbini wakati kunapambazuka, aweze kutembea au kungojea gari la kwanza. Msemo huo basi unamfahamisha pia juu ya usafiri.

Limebaki swali linaloulizwa zaidi siku hizi: muziki usiotoka katika kanda wala mashine tuuiteje? Miaka ya 1960 swali hili halikuwapo. Ukisema kuna dansi, umesema kuna bendi. Santuri zilikuwapo tangu zamani, Siti binti Saad akiwa amerekodi Bombay mwaka 1928, na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilirekodi bendi nyingi za nchi. Lakini santuri na redio zilikuwa mambo ya nyumbani na hotelini. Ni disko iliyokuja kuwakusanya watu ukumbini, wakalipa kiingilio, wasione mpiga gitaa. Tangu hapo dansi haikutosha tena kueleza kitakachokuwapo.

Majibu yaliyotolewa ni "laivu", "moja kwa moja" na "mubashara". Mubashara ni neno zuri la utangazaji: linamwambia aliye Handeni kwamba anayoyasikia redioni yanatendeka saa hiyo hiyo mahali pengine. Aliye ukumbini Korogwe hapokei kitu mubashara, yupo. Kumwandikia "muziki mubashara" ni kumfanya msikilizaji wa redio ilhali amelipa ili asiwe mmoja wao. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha, yaani kupiga. Bendi hupiga, na disko, kwa watu wengi, huwekwa. Hivyo mfasiri anaweza kuandika bila kuazima chochote: "Bendi itapiga ukumbini, Jumamosi usiku, kuanzia saa 3 hadi majogoo. Watu wataanza kuingia saa 2. Kiingilio hulipwa mlangoni." Msomaji wa Handeni atajua afike lini, na atajua kwamba anaweza kuondoka kukiwa kumekucha.