Nyanya Kichwa Chini na Swali la Ardhi Mjini

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu nyanya. Najua wapo watakaosema kwamba nyanya si jambo la mtu mzima kulizungumzia redioni. Iko sokoni, inanunuliwa, inakatwa, inaishia kwenye sufuria ya dagaa. Lakini mama anayerudi kutoka soko la Kirumba na fungu moja mkononi, ilhali alitoka nyumbani na fedha za mafungu mawili, anajua kwamba nyanya ni uchumi, ni siasa na ni historia.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya mtindo mmoja ninaouona katika baraza za nyumba chache hapa mjini Mwanza, yaani kuotesha nyanya kichwa chini. Mtu huchukua ndoo ya plastiki ya lita 20, akaitoboa kitako tundu la kupitisha vidole viwili au vitatu. Mche hupitishwa hapo, mizizi ikabaki ndani na majani yakaning'inia nje, na shina huzungushiwa kipande cha kitambaa ili udongo usimwagike. Kisha ndoo hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, hutundikwa kwenye boriti ya baraza, na maji hutiwa kwa juu. Wapita njia husimama, hutazama, hucheka. Ukiuliza, utaambiwa kwamba huo ni ujuzi wa Marekani.

Sikatai. Mifuko ya kuoteshea nyanya kwa namna hiyo iliuzwa kwa wingi huko Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ikitangazwa kwenye televisheni. Lakini ninayotaka kuyasema leo ni mawili. La kwanza, ujuzi wa kulima pale ambapo ardhi haitoshi sisi watu wa Ziwa hatukuhitaji kuufuata Marekani. La pili, mtu hatundiki shamba lake msumarini kwa kupenda. Hebu tutazame ni nini kilichomfikisha hapo.

Tuanze na nyanya yenyewe, maana naye ni mgeni. Jamaa zake wa porini ni wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na wenyeji wa Meksiko ndio walioilima na kuiita tomatl. Baada ya Wahispania kuuteka mji mkuu wa watu hao mwaka 1521, nyanya ilivuka bahari, na mwaka 1544 mganga wa Kitaliano, Pietro Andrea Mattioli, akaitaja katika kitabu chake. Ilipofika Afrika ilimkuta jamaa yake, nyanya chungu, ambaye ni mzaliwa wa bara hili. Zanzibar wanaiita tungule. Leo mgeni huyo amekuwa mwenye nyumba, kwani mchuzi usio na nyanya sisi tunauita mchuzi wa shida.

Na hili la kupinduliwa nalo lina historia yake. Mwaka 1806 Mwingereza mmoja, Thomas Andrew Knight, alizifunga mbegu zinazoota kwenye gurudumu lililozungushwa na maji ya kijito. Mizizi ikaelekea nje ya gurudumu na machipukizi yakaelekea ndani. Akaonyesha kwamba mmea hutambua juu na chini kwa nguvu ya uvutano. Ndiyo maana nyanya iliyotundikwa kichwa chini haikubali. Baada ya siku chache ncha ya shina hujikunja na kuanza kupanda juu, hata uipindue namna gani.

Sasa turudi mjini kwetu. Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, na reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Pamba ya Usukumani ndiyo iliyoupa mji kazi: kuichambua, kuifunga marobota, kuisafirisha. Mtu aliyekuja kutafuta kibarua hakutazamiwa kulima. Alitazamiwa kupokea mshahara na kununua chakula. Mji ulipojaa, watu wakapanda vilimani, wakajenga katikati ya mawe. Ukiitazama leo Igogo, Mabatini au miteremko ya Isamilo, utaona nyumba imeegemea jabali upande mmoja na nyumba ya jirani upande wa pili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja katika Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Ziwa lote lile liko chini yao, lakini wapo kati yao wanaobeba maji kichwani kuyapandisha mlimani.

Je, Serikali ilisema nini juu ya mtu wa mjini mwenye jembe? Hapa historia yetu imekuwa na ndimi mbili. Tangu enzi za mkoloni kanuni za miji zilikataza mazao marefu kama mahindi karibu na nyumba, kwa hoja kwamba yanaficha mbu na wezi. Halafu mwaka 1972 likaja Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulipotuumbua, ikaja kaulimbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini, maofisa kwa makarani, wakahimizwa kushika majembe. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na wale walioonekana kuzurura mijini wakakamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Wakati huohuo mshahara ulikuwa hautoshi kumfikisha mtu mwisho wa mwezi, na waliobaki mjini walikuwa wakipanda mchicha na matembele nyuma ya nyumba ili watoto wale. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, zikikitambua kilimo hicho na kukiwekea kikomo cha ekari tatu kwa mtu mmoja.

Ekari tatu, ndugu msikilizaji! Nani wa Mabatini mwenye ekari tatu? Kikomo hicho kilimfikiria mwenye nafasi. Yule mwenye hatua tatu kati ya mlango na jabali hakuandikiwa lolote. Mtafiti wa Kimarekani, Karen Coen Flynn, alichapisha mwaka 2005 kitabu kizima kuhusu namna watu wa Mwanza wanavyopata chakula. Kinatukumbusha kwamba kula mjini si kununua tu. Wapo wanaolima, wapo wanaopewa na ndugu, na wapo wanaoomba barabarani. Aliye na kipande cha ardhi na aliye na jamaa hawalali njaa kwa namna moja na asiye navyo.

Sasa nawaomba tuvuke maji kidogo, maana nilisema ujuzi huu uko kwetu. Kaskazini ya Ukerewe kuna kisiwa cha Ukara. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa majonzi Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa hicho na kuua watu zaidi ya 220. Lakini Ukara ina sifa nyingine ambayo haikustahili kusahauliwa. Ni kisiwa kidogo, takriban kilomita 80 za mraba, chenye udongo wa kichanga na mawe mengi. Hata hivyo, katikati ya karne ya 20 kilikuwa tayari kinabeba watu zaidi ya 200 kwa kila kilomita moja ya mraba, nao wakila kutokana na mashamba yaleyale mwaka hata mwaka.

Waliwezaje? Wakara hawakungoja ardhi iwape rutuba. Waliifuga rutuba kama watu wanavyofuga mbuzi. Ng'ombe walifungwa ndani, wakaletewa majani, na samadi yao ikapelekwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia yaoze yawe mbolea. Miteremko waliijengea kingo za mawe. Palipokuwa na maji walichimba mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo. Hata mti mmoja mmoja ulikuwa na mwenyewe, aliyejua faida ya majani yake. Maofisa wa kilimo wa Kiingereza waliandika juu ya mambo haya tangu miaka ya 1930, wakistaajabu.

Hapo ndipo penye fundisho. Serikali hiyohiyo ya kikoloni, kuanzia mwaka 1947, iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Kwa amri na faini watu walilazimishwa kulima matuta, kuweka samadi na kupunguza mifugo. Mengi ya hayo yalikuwa mambo mema kwa udongo. Lakini watu waliyachukia, kwa kuwa yalikuja na askari, na chuki hiyo ikaingia katika siasa za kudai uhuru. Mkara alibeba samadi kwa kuwa shamba lilikuwa lake na la mwanawe. Msukuma alitozwa faini kwa ajili ya tuta ambalo hakuulizwa. Ujuzi ni uleule. Tofauti ilikuwa ni nani mwenye kauli juu ya ardhi.

Kwa kipimo hicho basi, tuipime ndoo yetu ya nyanya. Ina manufaa, tena ya kweli. Nyanya iliyo katika ndoo yenye udongo safi huepukana na ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini. Ikiwa chini ya paa, majani yake hayalowi wakati wa masika, na ukungu hupungua. Kuku na mbuzi hawaifikii. Lakini haina muujiza. Ndoo iliyojaa udongo mbichi ni mzigo mzito, na ukiitundika kwenye mbao iliyooza utamjeruhi mtoto wako. Hukauka upesi, na wakati wa kiangazi hudai maji kila siku, pengine mara mbili. Mdudu kanitangaze, aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, ana mabawa, hivyo kutundika nyanya juu hakumzuii. Na sisi tuko karibu na Ikweta. Jua la saa sita likiwa utosini, ndoo yenyewe huufunika mmea wake kivuli. Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitamwambia apande mche wake wima katika ndoo hiyohiyo, au katika gunia. Kule Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya mwaka 2008, maelfu ya familia walisaidiwa kupanda sukuma wiki katika magunia yaliyotobolewa ubavuni, nao hawakuhitaji kupindua kitu.

Lakini iwe kichwa chini au kichwa juu, ndoo moja ni miche miwili ya nyanya. Itaondoa fungu moja moja katika matumizi ya wiki, na haba na haba hujaza kibaba. Haitalisha mji. Ninachohofia ni kwamba tutaisifu ndoo hii kupita kiasi, tutaandaa semina na kupiga picha, kisha tukae kimya kuhusu mambo ambayo ndoo haiwezi kuyatatua.

Nayo ni matatu. La kwanza ni maji yapande mlimani kwa bei ambayo mtu anaweza kumwagilia, si kunywa tu. La pili ni taka za sokoni. Maganda na majani yanayooza katika masoko yetu yangekuwa udongo wa watu wasio na udongo, kama kungekuwa na mahali pa kuyaozesha na njia ya kuyapandisha. Mkara wa zamani angelia kuona mali hiyo ikitupwa. La tatu, na kubwa zaidi, ni kwamba viwanja vipya vinapopimwa pembezoni mwa jiji, kuelekea Buhongwa, Igoma na Kisesa, mabonde ya mboga yatengwe kwenye ramani kabla ya mawe ya mipaka kusimikwa. Likishauzwa, bonde halirudi.

Mtu wa mlimani ameshafanya sehemu yake. Amechukua ndoo iliyovuja, akabeba udongo mgongoni, akatundika shamba lake msumarini. Asiambiwe tena kwamba hapendi kilimo. Waliobaki kuulizwa ni wenye ramani.