Githurai 45 hadi Thika: Ndai Yako ya Turbo Inataka Klachi Gani, na Flaiwili ya Kilo Ngapi?

Kama unaishi Kiuu unajua ndai yako iko na maisha mawili. Ya kwanza ni saa kumi na mbili jioni ukitoka Thika Road kuingia Githurai 45. Mathree zimejipanga hovyo, mama wa nyanya amekaribia bampa, na mguu wako wa kushoto unapanda na kushuka kila mita tatu. Ya pili ni Jumapili asubuhi, lami ni tupu kutoka Ruiru kwenda Thika na turbo inaimba. Klachi ni moja, na lazima iishi maisha yote mawili. Wasee wengi hununua ya Jumapili halafu wanalia Jumatatu hadi Ijumaa.

Tuanze na kitu chenyewe. Flaiwili ni ile sahani nzito ya chuma iliyofungwa nyuma ya krankishafti. Presha pleti hubana klachi pleti dhidi ya hiyo flaiwili kwa nguvu ya springi, na msuguano ndio unapeleka nguvu kwa giaboksi. Ukikanyaga pedali, rilisi beringi inalegeza huo mbano. Ni hayo tu. Kama ndai yako ni otomatiki hii stori haikuhusu, mpaka siku utabadilisha giaboksi iwe ya manyuo. Siku hiyo jua flaiwili lazima ununue, kwa sababu otomatiki hukaa na sahani nyembamba isiyoweza kubeba klachi.

Kabla utoe doo, hakikisha klachi ya sasa ndiyo shida. Weka gia ya nne ukiwa 2,500 rpm, kanyaga mafuta yote. Rpm ikiruka na spidi ibaki palepale, klachi inateleza. Lakini mwambie fundi aangalie sili ya nyuma ya krankishafti kwanza. Oili ikivuja hapo inalowesha pleti, na hata klachi mpya ya bei ya ploti itateleza.

Sasa, swali la kuuliza si “ndai yangu ni farasi ngapi?” Klachi haijui farasi. Klachi inajua toki, ile nguvu ya kuzungusha. Chukua Subaru Impreza WRX ya Japani ya mwanzo wa miaka ya 2000: farasi 250, toki kama 333 Nm. Ukiitune na kuongeza presha ya turbo kidogo unaweza kufika 400 Nm bila kelele nyingi. Hapo unatafuta klachi inayobeba 480 hadi 520 Nm, yaani asilimia 20 hadi 30 juu ya toki yako. Ya 700 Nm haikuongezei chochote isipokuwa maumivu ya goti.

Kitu kingine watu husahau ni kwamba huku tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo kama uko na Toyota ya 4A-GE bila turbo, toki unayosoma kwa karatasi ya Japani huku Githu haipo. Klachi pleti mpya ya kawaida, ya kampuni inayojulikana, inakutosha kabisa. Turbo hupoteza kidogo zaidi tu, kwa sababu inajisukumia hewa yenyewe.

Ukienda Grogan utaambiwa “hii ni stej tuu, hii ni stej thrii”. Buda, hayo maneno hayana kipimo kimoja. Stej tuu ya kampuni hii inaweza kuwa stej wani ya ingine. Omba nambari ya toki. Kama muuzaji hana, rudisha kwa shelfu.

Halafu kuna vitu vya pleti yenyewe. Ile ya oganiki, ya kawaida, inashika polepole na inasamehe makosa ya foleni. Kevla nayo hudumu sana, lakini inataka kuzoeshwa polepole, na ukiichoma siku ya kwanza imeisha. Kuna ile ya seramiki yenye vipande vitatu, vinne au sita kama petali za maua. Hiyo inashika kama swichi, ni ama imeshika ama imeachia. Kwa mashindano ni tamu. Kwa foleni ya Githurai, ndai itakuwa inaruka kama mbuzi na konda wa mathree ya mbele atakucheka. Kwa ndai ya barabara chini ya 450 Nm, maoni yangu ni haya: presha pleti nzito kidogo na pleti ya oganiki yenye springi katikati. Zile springi ndogo humeza mitetemo kabla ifike kwa giaboksi, na giaboksi ya Subaru ya gia tano haipendi kugongwa.

Ukiwa bado kwa Subaru, angalia aina ya klachi. Turbo nyingi za gia tano hutumia klachi ya kuvuta, zile bila turbo hutumia ya kusukuma. Uma, beringi na presha pleti haviingiliani. Kipimo nacho: gia tano za turbo kawaida ni milimita 230, STI ya gia sita ni 240. Beba ile ya zamani mkononi ukienda kununua, usiende na stori.

Sasa flaiwili. Ile ya kiwandani mara nyingi huwa karibu kilo 10, nyepesi za kununua huwa karibu kilo 5. Hesabu ya juu juu: ukitoa kilo 5 kwa ndai yenye gia ya kwanza ya 3.45 na difu ya 4.11, kwa gia ya kwanza unahisi kama umeshusha kama kilo 100, yaani abiria mmoja mnono na mzigo wake. Kwa gia ya tano ni kama umeshusha begi la kilo 5 tu. Ndiyo maana flaiwili nyepesi inasisimua ukitoka taa, lakini huko Juja kwa gia ya tano hutaihisi.

Bei yake ni hii. Uzito ule ndio unaosaidia injini isizime ukiachilia klachi. Ukiutoa, kwa foleni utazima zaidi, na ukiwasha AC rpm itayumba. Kama ndai ilikuwa na flaiwili ya vipande viwili vyenye springi ndani, kama Golf GTI nyingi, ukiweka nyepesi ya kipande kimoja utasikia giaboksi ikigonga ndogo ndogo ikiwa imesimama. Kwa ndai ya kwenda kazi, kilo 7 au 8 ni mahali pazuri pa kukaa.

Na hapa sitacheka na mtu. Usikubali fundi wa lathe akupunguzie flaiwili ya kiwandani “ili iwe nyepesi”. Nyingi ni chuma cha kuyeyushwa, na chuma hicho huvunjika bila kuonya. Kwa 7,000 rpm, ukingo wa flaiwili yenye upana wa milimita 280 unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, karibu kilomita 370 kwa saa. Ikipasuka, vipande vinapita kwa kifuniko cha klachi, na nyuma ya hicho kifuniko kuna miguu yako. Kusawazisha uso wake ambapo pleti inagusa ni sawa, kazi ya kila siku. Kuchonga mgongo na ukingo hapana. Ukitaka nyepesi, nunua ya chuma cha kromoli iliyochongwa kutoka kipande kimoja, yenye cheti cha SFI 1.1.

Siku ya kufunga, badilisha beringi zote na boliti za flaiwili, na fundi atumie spana ya kupima nguvu, si mkono na bahati. Kilomita 500 hadi 800 za kwanza endesha kama unapeleka shosh kanisa: foleni tu, hakuna kuruka kwa taa. Na ukikwama Githurai, weka nyutro uachilie pedali. Ukiikanyagia pale dakika tano, klachi nzito inaweka mzigo kwa krankishafti, na beringi inayobeba huo mzigo iko ndani ya injini.