Bahasha Zisizotaja Kisiwa

Katika Atlantiki ya Kusini, baina ya Afrika na Brazili, pana kisiwa kikavu cha volkano kiitwacho Ascension. Kisiwa hiki ni milki ya Uingereza, wala hakikuwa na wenyeji wa asili. Tangu mwaka 1922 kimekuwa na stempu zake chenyewe; zile za mwaka 1938 zilichorwa sura ya mfalme pamoja na mandhari ya kisiwa: mji wa Georgetown, Mlima wa Kijani, hata gati ya kushukia.

Mwishoni mwa Machi 1942 wahandisi wa jeshi la Marekani walishuka huko, na kwa muda wa miezi mitatu hivi wakachonga kiwanja cha ndege katika miamba. Ndege zilizovuka kutoka Brazili kuja Afrika zilitua hapo kutia mafuta. Kiwanja kilipewa jina la Wideawake, ambalo ni jina la membe waliotaga mayai yao karibu na mwisho wa njia ya kurukia.

Sasa tuitazame bahasha ya askari wa kiwanja hicho. Mahali pa stempu pameandikwa kwa mkono neno moja tu, Bure, maana sheria ya mwaka 1942 iliwasamehe askari wa Marekani malipo ya barua za kawaida. Aliyetaka yake ipelekwe kwa ndege alilipa senti 6. Muhuri una nambari ya posta ya jeshi, haukitaji kisiwa. Pembeni pana chapa na saini ya mkaguzi aliyekwisha kuisoma. Mama aliyeipokea aliweza kujua kuwa mwanawe yu hai siku ile alipoandika, lakini hakujua yuko bahari gani.

Hivyo katika kisiwa kimoja zilikuwako posta mbili: moja ikilichapa jina lake na picha ya gati yake, nyingine ikilificha.

Membe nao walikuwa hatari kwa ndege. James Chapin, bingwa wa ndege wa Kongo, alishauri mayai yavunjwe ili wahame. Kisa hiki kingependeza sana katika barua ya nyumbani. Walakini, kwa maoni yangu, mkaguzi mwerevu angekikata, kwani jina la membe hao lingetosha kukifichua kisiwa.

Wakusanyaji hununua bahasha hizi kwa ajili ya muhuri, na mara nyingi barua ya ndani imekwisha kupotea. Mwanafunzi wa historia asizidharau kwa sababu hiyo. Kilichonyamaziwa juu ya bahasha kiliamriwa na mtu, kwa tarehe maalumu, na kwa hofu maalumu; huo nao ni ushahidi.

Katika vita vya Falkland vya mwaka 1982 kiwanja kilijaa tena, safari hii askari wakiwa Waingereza. Jina la Ascension lilitajwa wazi magazetini, na ndege za Hercules zilizoondoka hapo zilidondosha barua kwa miavuli karibu na manowari zilizokuwa mbali kusini.