Ukuta wa mawe uliogombaniwa

Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitoa taarifa ya kushtua: kati ya nyumba zilizofungwa kinga ya baridi kwenye kuta za nje chini ya mpango mmojawapo wa serikali, takriban asilimia 98 zilikuwa na kasoro kubwa. Kazi ya aina hii hufanywa zaidi kwenye nyumba kongwe zenye kuta nzito zisizo na uwazi katikati, na nyumba pacha za mawe za enzi ya Malkia Victoria zimo katika kundi hilo. Mjadala umeelekezwa kwa mafundi wabovu, na wanastahili lawama. Hata hivyo kosa linaanzia mbali zaidi, pale ukuta wa mawe unapochukuliwa kuwa pambo linaloweza kufunikwa nyumba ikabaki ileile. Katika nyumba hizi karibu kila kinachoonekana kwa nje kiliwekwa ama kupunguza gharama ama kutangaza heshima ya mwenye nyumba, na ukuta ulifanya yote mawili.

Upande wa gharama ni rahisi kuueleza. Familia mbili zilichangia ukuta wa kati, paa moja na mara nyingi dohani moja, hivyo meko mawili yakapeana mgongo na moshi ukatoka juu pamoja. Mtaalamu wa bustani na majengo John Claudius Loudon alikuwa ameonyesha njia London miaka ya 1820, alipojenga Porchester Terrace nyumba mbili zilizosanifiwa zionekane kama jumba moja. Kitabu chake kikubwa cha 1833 kuhusu nyumba ndogo, za shamba na za kifahari kikasaidia kueneza mawazo ya namna hiyo. Baadaye kodi ya madirisha ikafutwa mwaka 1851, hivyo madirisha makubwa yakawa nafuu, na reli zikasambaza sleti za Wales za kuezekea. Mawe yenyewe yalitoka machimbo ya jirani, ndiyo sababu rangi ya nyumba hubadilika kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Upande wa heshima ndio unaosahauliwa, na ushahidi wake bora uko Akroydon, kitongoji cha Halifax huko Yorkshire. Nyumba za pale ni za safu, lakini nazo ni za mawe, na swali la nani aliamua sura yake ni lilelile. Edward Akroyd, tajiri wa viwanda vya sufu, alianza mpango wake mwaka 1859. Michoro ilitoka kwa George Gilbert Scott, na kazi ikaendelezwa na W. H. Crossland. Akroyd alipenda mtindo wa Kigothi, na mwaka 1862 akachapisha maelezo yake kuhusu makazi bora ya wafanyakazi. Humo anakiri kwamba wanunuzi walimbishia. Walisema mtindo ule umepitwa na wakati na hauingizi mwanga wa kutosha. Madirisha yaliyochomoza kwenye paa waliyakataa kabisa, kwa kuwa yaliwakumbusha nyumba za hisani wanakotunzwa maskini. Watu hawa walikuwa wakinunua kwa mkopo wa chama cha ujenzi, na hawakutaka jengo liwatangaze kuwa ombaomba. Suluhu iliyowaridhisha ilikuwa ngao ya jiwe juu ya mlango, yenye herufi za jina la mwenye nyumba. Mtu anaweza kupinga kwamba aliyesimulia ni tajiri mwenyewe, na kwamba kibarua wa chini hakuweza kununua nyumba ile. Ni kweli. Lakini tajiri asingejisumbua kuandika kwamba alibishiwa kama ubishi wenyewe haukuwa mkali, na haya yanatosha kuvunja dhana kwamba sura ya nyumba hizi iliamuliwa na wasanifu peke yao.

Wapo watakaosema heshima ya mwaka 1862 haimpashi moto bibi kizee wa leo. Hoja hiyo ina uzito: nyumba hizi zina baridi, na gharama ya nishati inaumiza. Ila ukuta uliojengwa kwa chokaa hunywa unyevu kidogo na kuutoa upepo unapovuma. Ukikandikwa saruji, maji hubaki ndani, na barafu hubandua uso wa jiwe. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua tatizo hili kutokana na kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa. Joto jingi linaweza kuokolewa kwa kuanzia darini, kuziba mianya ya milango na madirisha, na kupiga lipu ya chokaa yenye kinga ya baridi kwa ndani. Nyumba pacha, tena, ina pande tatu tu za nje. Wa nne unalindwa na jirani. Huyo jirani ndiye anayesahauliwa na mipango inayohesabu kila mlango peke yake. Mmoja akifunika nusu yake na mwenzake akabaki na jiwe, kinga inakatikia mpakani, baridi inapenya hapo, na unyevu unaweza kuingia kwenye ukuta ambao ni mali ya wote wawili. Kibali cha kazi kama hiyo kilipaswa kuombwa na nyumba zote mbili kwa pamoja, baada ya fundi anayeijua chokaa kukagua paa, mifereji ya mvua na viungo vya mawe.