Serveri moja, mashini tatu: namna ya kugawa diski na LVM

Maofisi mengi ya huku kwetu, kuanzia senta ya afya hadi redio, hayana pesa ya kununua serveri tatu. Inanunuliwa moja yenye nguvu, halafu ndani yake zinawekwa mashini pepe, ni kusema ordinatere ndani ya ordinatere, kila moja na kazi yake. Leo tunaeleza namna ya kuzipatia nafasi kwenye diski, na kosa linaloweza kuzisimamisha zote pamoja. Mifano yetu ni ya Proxmox, programu ya bure kutoka Austria inayotembea juu ya Linux Debian, lakini LVM unaikuta kwenye Linux karibu zote.

LVM ya Linux iliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Ili kuielewa, fikiria parsele. Kukata diski kwa njia ya zamani ni kama kujenga ukuta wa matofali katikati ya parsele: familia ya upande mmoja ikiongezeka, ukuta hausogei bila kubomoa. LVM inaunganisha parsele zote kuwa uwanja mmoja, kisha inaugawa vipande vidogo vya megabaiti 4. Anayehitaji anaongezewa vipande, hata kama viko fasi ingine, hata kwenye diski ingine.

Kwanza andika lsblk uone jina la diski mpya. Tazama mara mbili, maana ukikosea jina unafuta vitu vya watu. Tuseme ni /dev/sdb:

pvcreate /dev/sdb
vgcreate mashini /dev/sdb

Amri ya kwanza inatia diski alama ya LVM, ya pili inafanya uwanja tuliouita "mashini". Kama kwenye karto imeandikwa GB 500, LVM itakuonyesha kama 465 hivi. Hujaibiwa: muuzaji anahesabu kwa 1000, LVM inahesabu kwa 1024.

Toka hapo kuna njia mbili. Unaweza kupatia kila mashini nafasi yake kamili:

lvcreate -L 100G -n hesabu mashini

GB 100 zinatoka siku hiyo hiyo, hata kama mashini inatumia 10 tu. Ni salama, lakini inakula diski. Njia ya pili, ambayo Proxmox inaiita LVM-Thin, ni kufanya bwawa moja ambamo mashini zote zinachota:

lvcreate --type thin-pool -L 400G -n bwawa mashini
pvesm add lvmthin bwawa --vgname mashini --thinpool bwawa

Sasa unaweza kuahidi GB 200 kwa arshivu, 150 kwa hesabu, na 200 kwa tovuti. Jumla 550, na bwawa ni 400! Linakubali, maana linatoa tu kile kilichoandikwa kweli. Ni kama sanduku la AVEC: linatembea vizuri mpaka siku wanachama wote wanakuja kukopa pamoja.

Siku ile bwawa linajaa, mashini inayotaka kuandika kitu kipya inangojeshwa sekunde 60, kisha inapewa kosa. Mashini yenyewe haikujua kama kuna shida, kwake diski bado ilikuwa na nafasi. Mafaili yanaweza kuharibika katikati ya kuandikwa. Tovuti ndiyo imejaza bwawa, lakini hesabu za mishahara ndizo zinalipa deni.

Njo maana inafaa kuandika lvs mashini kila wiki, na kutazama safu mbili: Data% na Meta%. Data ni maji ya bwawa. Meta ni kitabu kinachoandika kila tone ni la nani. Hicho kikijaa, kazi ya kutengeneza inakuwa ngumu zaidi. Ukiona 80, usingoje:

lvextend -L +40G mashini/bwawa

Hizo 40 zinatoka kwa zile 65 tulizoacha nje kwa makusudi. Kuna mafundi wanaopatia bwawa diski yote toka siku ya kwanza, mimi siwafuati. Bwawa linapanuka, lakini kulipunguza baadaye usilihesabie.

Jambo lingine linachanganya watu. Unafuta emisyo za zamani ndani ya mashini, unarudi kutazama lvs, namba haijashuka. Bwawa halijui kama umefuta. Inaomba kuweka alama kwenye Discard katika mipangilio ya diski ya mashini ile, kisha ndani yake kuandika fstrim -av.

Snapshot nayo inasaidia sana kabla ya kubadilisha programu: ikikataa, unarudi nyuma. Ila inakaa ndani ya bwawa lile lile, na inakula maji kadiri mashini inavyoandika mapya. Diski ikikufa, inakufa nayo. Kopi ya kweli inafanywa na vzdump kwenye diski ya nje, ambayo unaichomoa na kuilaza kwenye nyumba ingine.

Na kwa sababu umeme wetu tunaujua: kwenye Cache, acha ile Proxmox iliyoweka yenyewe. Ile ya "unsafe" inaongeza mbio, lakini umeme ukikatika, kile mashini iliamini kimeandikwa kinaweza kuwa hakikufika kwenye diski.